Ulimi ukikwama, nani atakusemea?

Hebu nikuulize jambo moja, msomaji mpendwa, kabla hujafunua ukurasa mwingine. Ikiwa leo jioni utaanguka bafuni, ulimi ukafa ganzi na mkono wa kulia ukakataa kushika kalamu, ni nani atakayekwenda benki kwa niaba yako? Ni nani atakayemwambia daktari akupasue au asikupasue? Na je, mtu huyo umemteua wewe mwenyewe, au atakuwa ni yule tu atakayefika wa kwanza akiwa na sauti kubwa kuliko wengine?

Mimi nilikuwa yule wa sauti kubwa. Ndiyo maana naandika.

Marehemu baba yangu alikuwa mtu wa Reli. Alifanya kazi Nairobi kwa zaidi ya miaka thelathini, akastaafu, akarudi nyumbani Wundanyi, katika milima ya Taita. Kwa pesa zake za kustaafu alijenga vyumba sita vya kupangisha mjini Voi. Alikuwa mtu wa mpango. Stakabadhi zake zote zilikaa katika sanduku la bati chini ya kitanda, na ufunguo wake hakuuweka mahali ila mfukoni mwa suruali yake. Kodi aliikusanya mwenyewe kila tarehe tano, daftari mkononi. Nambari ya siri ya kadi yake ya benki ilikuwa baina yake na Mungu.

Asubuhi moja ya mwezi wa Julai, mwaka 2016, kiharusi kilimpiga akiwa anafunga kamba za viatu. Upande wa kulia ukalala na maneno yakamwisha. Lakini akili, msomaji, haikumwisha. Nakuomba ulishike jambo hilo, maana ndilo kiini cha masaibu yetu. Ukimtajia jina la mjukuu wake alitabasamu kwa nusu ya mdomo. Ukikosea hesabu ya kodi mbele yake, alikunja uso. Alijua kila kitu. Alichokosa ni njia ya kukisema.

Gharama za hospitali zikaanza kupanda. Pesa zilikuwapo, lakini zilikuwa benki, na zilikuwa zake. Nilipofika kwenye dirisha la benki nikaambiwa mwenye akaunti aje mwenyewe. Sikuona kosa la yule karani, kwani kazi yake ni kulinda pesa za mteja, hata dhidi ya watoto wa mteja. Basi tukakodi teksi, tukamfunga baba blanketi, tukamteremsha mlimani hadi mjini. Afisa mmoja akatoka nje na fomu na pedi ya wino, akainama kwenye mlango wa gari.

Baba aliitazama ile karatasi, kisha akanitazama mimi. Akatikisa kichwa polepole, na hadi leo sijui kama alikuwa anakataa au ni ule mtetemo tu uliokuja na ugonjwa. Nilikuwa na haraka. Nilikuwa nimetoka kazini Nairobi kwa ruhusa ya siku nne, na ile ilikuwa siku ya tatu. Nikamshika mkono, nikakikunjua kidole gumba, nikakichovya katika wino na kukigandamiza karatasini. Afisa akaridhika. Baba akaanza kulia.

Mama alikuwa amekaa kando yake. Hakusema neno. Alishika pindo la leso yake, akalitia mate, akamfuta ule wino.

Hayo hayakuwa mwisho. Baba alishindwa kumeza chakula, na daktari akatuuliza kama tunakubali atiwe mpira wa kulishia tumboni. Hapo ndipo nyumba ilipogawanyika. Mimi, kifungua mimba, nilisema atiwe upesi. Mdogo wangu wa kiume, anayefanya kazi Mombasa, alisema baba aliwahi kumwambia kwamba hataki kuishi kwa mipira. Dada yetu wa Nakuru alilia tu kwenye simu. Kitindamimba, anayeuza mboga sokoni Voi, ndiye aliyekuwa akimbadilisha baba nguo kila asubuhi, lakini hakuna aliyemuuliza. Tulizozana siku nzima ukumbini, mbele ya wauguzi. Mwishowe mpira ukatiwa, na baba akaishi hadi mwaka 2019.

Sisemi tulikosea kumtia ule mpira. Alipata miaka mitatu, akamwona mjukuu wake wa mwisho. Kosa letu lilikuwa jingine. Katika siku ile nzima ya mazozano, hakuna hata mmoja wetu aliyeingia chumbani, akainama kitandani, akamuuliza yeye. Angeweza kufumba jicho moja kusema ndiyo. Hatukukumbuka kwamba yupo.

Huko Voi nako, wapangaji wawili walimlipa ndugu yangu, mmoja akanilipa mimi, na watatu walipoona kwamba mwenye nyumba hana msemaji, hawakumlipa mtu. Tukawa tunashukiana sisi kwa sisi kwa pesa ambazo hatukuzipata.

Sisi Wakenya tukisikia mtu anapanga mambo ya uzee wake, fikira zetu hukimbilia wosia: nani atarithi shamba, nani nyumba, na maiti itazikwa wapi. Wasomaji wenye umri wangu wanaikumbuka kesi ya S. M. Otieno. Alikuwa wakili mashuhuri hapa Nairobi. Alifariki tarehe 20 Desemba 1986 bila wosia ulioandikwa, na ingawa mjane wake, Wambui, alishikilia kwamba marehemu alitaka azikwe karibu na Nairobi, ukoo wake ulitaka azikwe kwao Siaya. Nchi nzima ilifuatilia magazetini kwa miezi mitano, hata akazikwa Nyalgunga tarehe 23 Mei 1987. Yeye mtu wa sheria, na maneno yake ya mdomo yalizua ubishi kiasi hicho. Je, maneno yako wewe uliyoyasema siku ya Krismasi ukiwa na sahani ya pilau mkononi?

Lakini hata wosia ulioandikwa vizuri, msomaji, una upungufu mmoja ambao wengi hatuutambui. Wosia huanza kusema siku mwenyewe anapokufa. Kabla ya hapo haufungui kinywa. Baba angalikuwa na wosia, usingalimsaidia hata kidogo katika ile miaka mitatu ya kitandani, wakati alipokuwa hai, anasikia, anaelewa, na watu wengine wanaamua kila kitu juu ya kichwa chake. Miaka hiyo, baina ya nguvu kuisha na roho kutoka, ndiyo ambayo wengi wetu hatuiwekei mpango wowote.

Baba alipozikwa, nilifikiri zamu ya mama imefika, nami nikaanza kumpangia. Nilikuwa na chumba kitupu nyumbani kwangu Buru Buru. Mama angehamia Nairobi, kuna hospitali kubwa. Vile vyumba vya Voi tungeviuza, pesa ziwekwe mahali pazuri. Ng'ombe wake mmoja angepewa jirani. Nilimweleza dada yangu mpango huo kwenye simu, nikamweleza ndugu yangu, hata mke wangu akabadilisha pazia za kile chumba. Mtu mmoja tu ndiye ambaye sikumweleza. Unamjua.

Desemba 2022 mama alituita sote nyumbani. Alikuwa na miaka 75. Baada ya chakula alituambia tukae, akaweka mikono yake miwili mezani, vidole vimekunjuliwa, kama mtoto anayeonyesha mwalimu kwamba amenawa.

"Wanangu," akasema, "siku ile ya benki nilikuwa ndani ya gari. Mimi sitaki kidole changu kishikwe."

Hakuna aliyejibu. Mimi nilitazama chini.

"Sisemi kwamba hamnipendi," akaendelea. "Baba yenu pia mlimpenda. Lakini mtu akinipenda bila kuniuliza, atanifanya mzigo wa kubebwa. Nataka niseme sasa, ningali na ulimi, na yaandikwe."

Januari 2023 tulikwenda kwa wakili mjini Voi. Nilichukua likizo makusudi, nikavaa koti, nikabeba faili. Mlangoni wakili akatusimamisha. Alisema atamwona mama peke yake. Nilimwambia mimi ni mwanawe wa kwanza. Akajibu kwa adabu kwamba ndiyo sababu hasa ya mimi kubaki nje: hati ya mzee iliyotiwa sahihi mwanawe akiwa amekaa ubavuni ni hati ambayo kesho mtu anaweza kuipinga akidai alishurutishwa. Nilikaa kwenye benchi la nje kwa saa moja na nusu, hasira zimenijaa, faili magotini. Nilipopoa nikaona kwamba maisha yangu yote sikuwahi kumwacha mama aingie mahali na atoke na uamuzi wake mwenyewe.

Alipomaliza, mama aliruhusu tuingie na tuelezwe. Nami nakueleza wewe kama nilivyoelewa, ingawa gazeti si wakili, na mambo ya kila nyumba yana yake.

Hati ya kwanza ilikuwa ni ile ya uwakilishi. Kwa hati hiyo unampa mtu unayemwamini mamlaka ya kutenda kwa niaba yako: kukusanya kodi, kulipa bili, kutia sahihi. Unaweza kuyapanua mamlaka hayo au kuyabana. Mama aliyabana. Mwakilishi wake aweza kukusanya kodi na kulipa gharama zake, lakini hawezi kuuza chumba hata kimoja, wala kuuza shamba, na kila mwisho wa mwezi atamsomea mama hesabu. Ikiwa hati inagusa ardhi, sharti isajiliwe katika ofisi ya ardhi. Na wakati wowote, maadamu una akili zako, waweza kuifuta. Benki nayo huenda ikataka fomu yake yenyewe, kwa hivyo ni vyema kuiuliza mapema, ukiwa bado unaweza kuingia kwa miguu yako.

Hapo wakili alitueleza jambo lililonichoma. Baba angalitia sahihi hati kama hiyo kabla ya kiharusi, ingalitufaa, kwa sababu ulimi wake ulikufa lakini akili yake ilikuwa nzima. Hati ya uwakilishi ya kawaida huvunjika pale aliyeitoa anapopotewa na akili kiasi cha kutojua afanyalo. Kwa hivyo humfaa mtu aliyepooza, aliye mbali au asiyeweza kusimama foleni; lakini anayeshikwa na ule ugonjwa wa kusahau hata jina la mwanawe, hati hiyo haitamfikisha mwisho wa safari.

Mambo yakifika hapo, njia ni mahakamani. Chini ya Sheria ya Afya ya Akili, familia hupeleka ombi pamoja na ripoti za madaktari, na mahakama humteua mtu wa kumlinda mgonjwa na kusimamia mali yake. Msimamizi huyo hutakiwa kutoa hesabu, na hawezi kuuza ardhi ya mgonjwa bila ruhusa ya mahakama. Ni kinga nzuri, lakini huchukua muda na pesa, na mara nyingi ndugu hufika huko wakiwa tayari wamegombana. Ndiyo maana mama aliandika barua ya matakwa yake: nikichanganyikiwa, ningependa fulani asimamie mambo yangu, nikae katika nyumba yangu mwenyewe muda wote itakavyowezekana, ng'ombe asiuzwe mimi nikiwa hai. Barua kama hiyo haimfungi hakimu, lakini humfikishia sauti ya mtu ambaye siku hiyo hawezi kujisemea.

Hati ya tatu ndiyo ambayo sikuwahi kuisikia, na naona aibu, maana hunipita gazeti siku moja tu kwa mwezi. Sheria ya Afya ya mwaka 2017, katika kifungu cha 9, inasema mgonjwa asitibiwe bila idhini yake. Na ikiwa hawezi kuitoa idhini hiyo, aweza kuitoa mtu ambaye mgonjwa mwenyewe alimpa mamlaka hayo kwa maandishi. Asipokuwapo mtu huyo wala aliyepewa mamlaka na sheria au mahakama, ndipo jamaa wa karibu huulizwa. Zingatia mpangilio huo, msomaji. Yule uliyemwandika hutangulia mbele ya jamaa wa kawaida. Karatasi moja tu ingalituepusha na fedheha ya siku ile ukumbini mwa hospitali, kama ingalikuwapo na kama sheria hiyo ingalikuwa imepitishwa. Na usidhani hapa tunazungumzia kumwomba daktari akukatishe uhai. Hilo sheria zetu haziruhusu. Tunazungumzia nani wa kuulizwa.

Ya mwisho ndiyo wosia wenyewe, chini ya Sheria ya Urithi, Sura ya 160, iliyoanza kutumika mwaka 1981. Wosia wa maandishi hutiwa sahihi, au alama ya kidole, mbele ya mashahidi wasiopungua wawili. Usimtie shahidi mtu unayemwachia kitu, wala mume au mke wake, maana aweza kukikosa kitu hicho. Wosia wa mdomo pia unakubaliwa, mbele ya mashahidi wawili au zaidi, lakini mwenye kuusema asipofariki katika muda wa miezi mitatu, hauna nguvu tena. Wosia waweza kuubadilisha wakati wowote ukiwa na akili timamu. Na usifikiri waweza kuutumia kumwacha mkeo au mwanao mikono mitupu, kwani wanaokutegemea waweza kuiomba mahakama iwafikirie. Kwa ndugu zetu Waislamu, mirathi hufuata sheria ya dini yao, nao wanajua kwamba wasia hauvuki thuluthi moja ya mali. Kwao mtu wa kuendewa ni mwanazuoni na Kadhi.

Mama anasoma Kiswahili vizuri, lakini hati ziliandikwa kwa Kiingereza. Alikataa kutia sahihi hadi aliposomewa kila mstari kwa Kiswahili. Mahali pamoja akamsimamisha wakili, akamwambia, "Hapo hukunieleza, umenipitia." Wakili akarudia. Nikafurahi, ingawa bado nilikuwa na kinyongo, maana kitendawili kikubwa kilikuwa hakijateguliwa. Mwakilishi ni nani?

Nilijua ni mimi. Kifungua mimba, mwenye elimu, mwenye kazi Nairobi. Nani mwingine?

Mama alimteua kitindamimba, yule muuza mboga. Yeye ndiye wa kukusanya kodi, na yeye ndiye wa kusema na daktari. Akiwa hayupo, dada yetu wa Nakuru.

Nilishindwa kujizuia. "Mama, kwa nini si mimi?"

Akanishika mkono, kama nilivyomshika baba, lakini taratibu. "Mwanangu, wewe huamua upesi. Mimi nataka mtu atakayeniuliza kwanza." Kisha akacheka. "Lakini wosia nimekupa wewe uutekeleze. Siku hiyo nitakuwa nimekufa, hakuna wa kuulizwa. Hapo kuamua upesi ni kuzuri."

Wakili naye alicheka. Mimi nilicheka baadaye sana, ndani ya basi, tulipopita Mtito Andei.

Mtihani ulikuja mwaka 2024, wakati wa mvua. Mama aliteleza shambani akiwa na mkungu wa ndizi, akavunjika nyonga. Hospitalini homa ikampanda, nimonia ikamshika, akawa anaweweseka, anamwita baba na kuuliza kama gari moshi limefika. Daktari alisema homa ikishuka kidogo apasuliwe, na akataka idhini.

Nilipiga simu kutoka Nairobi. Nilikuwa nimeshaitafuta ambulensi. Nilimwambia dada yangu asitie sahihi kitu chochote, nataka mama aletwe Nairobi usiku huo huo.

"Kaka," akasema, "daktari anasema upasuaji huu wanaufanya hapa, na kumsafirisha katika hali hii ni hatari."

"Mimi ndimi mkubwa wako!"

"Najua, kaka. Ngoja nikusomee."

Nikasikia karatasi ikikunjuliwa. Akasoma, polepole, maneno ya mama mwenyewe: nikivunjika, nitibiwe hadi niweze kutembea tena, hata ikiwa ni kwa kupasuliwa; nisipelekwe mbali na watu wangu, ila ikiwa dawa yangu haipatikani karibu; anayenisemea amsikilize daktari, kisha aniulize mimi hata kama anadhani simsikii.

"Na umemuuliza?" nikasema. Nilidhani nimempata.

"Nimemuuliza mara tatu. Mara mbili aliniita kwa jina la shangazi. Mara ya tatu aliniambia, 'Nataka kusimama.'"

Sikuwa na neno tena. Dada yangu alitia sahihi. Mama alipasuliwa hapo hapo, na siku ya tisa baada ya upasuaji akili zake zikatulia kabisa. Mimi nilikuwa nimefika, nimekaa kitandani pake na machungwa. Swali lake la kwanza la maana halikuwa kuhusu ng'ombe, kama tulivyotarajia.

"Nani alitia sahihi?"

"Mimi, mama," akajibu kitindamimba.

"Uliisoma barua?"

"Niliisoma."

"Basi nilitia mimi," akasema mama, akaomba chungwa.

Siku hizi anatembea kwa mkongojo. Anaishi Wundanyi, nyumbani kwake, na ng'ombe yupo. Kile chumba cha Buru Buru amelala ndani yake mara mbili, kama mgeni, akarudi kwake alipotaka yeye.

Katiba yetu ya mwaka 2010, katika kifungu cha 57, inataka watu waliopita umri wa miaka 60 waishi kwa heshima, wasidhulumiwe, washiriki kikamilifu katika mambo ya jamii, na wapate utunzaji unaofaa kutoka kwa familia zao na serikali. Nikisoma maneno hayo sasa, simfikirii mwizi wa kuvunja mlango. Nawafikiria watu kama mimi, wenye kupenda, wenye haraka, wenye ruhusa ya siku nne. Dhuluma nyingine huingia nyumbani ikiwa imebeba mkate na maziwa.

Sasa basi, msomaji, ufanyeje? Ikiwa wewe ndiwe mzee, usingoje uumwe. Hati hizi zina nguvu kwa sababu uliziandika ukiwa na akili timamu, na akili ikishapotea hakuna wakili atakayekusaidia kuziandika. Ikiwa umri umekwenda sana, pata barua ya daktari siku hiyo hiyo uthibitishe kwamba u mzima wa fikira. Mchague mtu anayesikiliza, si lazima awe mkubwa wala mwenye pesa, na umtaje wa pili endapo wa kwanza hatakuwapo. Mtake akupe hesabu. Nakala ziwe kwa wakili na kwa wale uliowataja, zisifungiwe katika sanduku la bati ambalo ufunguo wake unao wewe peke yako. Na uwaite watoto wote uwaambie, hata kama mmoja atanuna. Kinyongo cha leo ukiwapo waweza kukitibu. Cha kesho watakizika pamoja nawe.

Ikiwa wewe ni mwana, jihadhari unavyoanza. Usimwendee mzazi na fomu mkononi, ukamtisha kwa kifo, akadhani unalipigia hesabu shamba. Anza na swali: "Mama, ungependa iwe vipi?" Kisha nyamaza. Hapo kwenye kunyamaza ndipo kazi ilipo, nami nakwambia kama mtu aliyechelewa kujifunza.

Nanyi wanafunzi mnaosoma ukurasa huu mkidhani ni wa wazee, kiharusi na ajali ya barabarani haviulizi mwaka wa kuzaliwa. Karatasi ile ya kumtaja wa kukusemea hospitalini haina umri wa uzee.

Mimi nina miaka 58. Mwezi uliopita niliingia kwa wakili hapa Nairobi, peke yangu, watoto wangu watatu wakiwa nje kwenye benchi. Niliwaona kupitia kioo cha mlango. Mwanangu wa kwanza alikuwa anatazama saa, ananikumbusha mtu ninayemfahamu vizuri. Binti yangu wa kati alikuwa anaongea na mlinzi, anamuuliza habari za mguu wake.

Nikamwandika binti.

Wahenga walisema tahadhari kabla ya hatari. Jumapili ijayo mkiwa mmekaa mezani, kabla ya sahani kuondolewa, ulizaneni. Baba yangu hakuulizwa, na wino ule wa kidole chake mama aliufuta, lakini mimi bado nauona.